Reli Iliyong'olewa Kusini na Reli Yetu ya Kishapu

Na Bwana Shamba, Kishapu



Hivi karibuni tulikuwa na mkutano katika kijiji kimoja cha wilaya yetu ya Kishapu. Kijiji hicho kiko karibu na reli itokayo Tabora kwenda Mwanza. Mimi nilikwenda kuzungumza juu ya mbegu za mtama na hifadhi ya udongo. Lakini mwenyekiti wa kijiji alikuwa na jambo jingine la kuanzia. Baadhi ya watu walikuwa wamelima mpaka kwenye tuta la reli. Wengine walikuwa wamefungua vyuma vinavyoshika reli kwenye mataruma, wakaviuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Kijana mmoja alisimama akasema, "Bwana Shamba, reli hii ni ya zamani. Reli mpya inajengwa. Hii itakufa tu. Kwa nini vyuma viliwe na kutu bure?"

Mzee mmoja alimjibu, "Mjukuu wangu, reli haifi. Mimi nimezaliwa nimeikuta, na wewe umeikuta."

Kijana akasema, "Babu, hata mbuyu huanguka."

Watu walicheka. Kisha wote wakanitazama mimi. Nilisema maneno machache tu, kwamba reli inaweza kufa, na kwamba mimi nimewahi kutembea juu ya tuta la reli iliyokufa. Jua lilikuwa limekwenda na mbegu bado hatujazizungumza. Nikaahidi kuandika habari hiyo katika gazeti letu. Leo natimiza ahadi.

TULIVYOHESABU MABEHEWA

Mimi nilikulia si mbali na stesheni ya Seke. Nilipokuwa mtoto, katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, kazi yangu ilikuwa kuchunga ng'ombe. Tulichunga karibu na reli, kwa sababu majani yalikuwa mengi pale. Na tulipenda kuona treni.

Treni ilisikika kabla ya kuonekana. Tuliweka sikio juu ya reli, jambo ambalo ni la hatari na sasa nawakataza watoto wangu. Tulikuwa tukibishana, inatoka Malampaka au inatoka Shinyanga? Kisha tulibishana juu ya injini. Injini kubwa za dizeli zilikuwa na namba ubavuni. Zilizoanza na 88 zilitoka Kanada. Zilizoanza na 73 zilitoka India. Sisi hatukujua habari za Kanada wala India. Tulijua 88 na 73. Aliyetabiri sawasawa alipumzika, na aliyekosea alikwenda kuwarudisha ng'ombe waliopotea.

Baada ya injini tulihesabu mabehewa. Kila behewa lilikuwa kijiwe kimoja mkononi. Msimu wa pamba vijiwe vilijaa viganja vyote viwili. Msimu wa njaa vilikuwa vichache. Nilikuwa na daftari la shule, na ukurasa wake wa mwisho niliandika namba za injini na hesabu ya mabehewa. Mwalimu aliliona, akanichapa kwa kuchafua daftari. Baadaye nilikuja kujua kwamba kule Uingereza watu wazima nao hufanya hivyo. Mwaka 1942 kijana mmoja, jina lake Ian Allan, alichapisha kijitabu chenye namba za injini za treni. Watu walikinunua sana. Mpaka leo wako watu wanaosimama stesheni na daftari mkononi, wakiandika namba. Basi mwalimu wangu alinichapa kwa mchezo wa wakubwa.

Babu yangu hakunicheka. Yeye alijifunza kusoma akiwa mtu mzima. Serikali iliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na baada ya hapo madarasa ya kisomo yalifunguliwa vijijini. Babu alisoma chini ya mti baada ya kazi ya shamba. Kitabu chake kilikuwa cha kilimo cha pamba. Aliniambia kwamba maandishi ya kwanza aliyoyasoma nje ya kitabu yalikuwa kwenye mabehewa. Yalikuwa na herufi E.A.R., yaani Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, yakaja maandishi T.R.C., yaani Shirika la Reli Tanzania. Babu alisimama kando ya reli akizisoma herufi kwa sauti, moja moja, mpaka behewa la mwisho lipite.

Reli ile ilifika Mwanza mwaka 1928. Toka Tabora ni karibu kilometa 380. Ilijengwa wakati wa mkoloni ili kuchukua pamba yetu na mazao mengine. Babu alikuwa akisema, "Reli hii inakula pamba. Tukiacha kulima, italala njaa." Wakati huo nilidhani ni maneno ya mzee tu.

KATA IITWAYO RELI

Mwaka 2002 nilikwenda kusomea cheti cha kilimo katika chuo cha kilimo cha Mtwara. Nilipanda treni Shinyanga, nikapita Tabora na Dodoma mpaka Dar es Salaam. Toka hapo nilipanda basi la kusini. Daraja la Mkapa lilikuwa halijafunguliwa. Lilifunguliwa mwaka 2003. Tulivuka Mto Rufiji kwa kivuko cha Ndundu, na njia ilikuwa mbaya sana. Nilimuuliza jirani yangu ndani ya basi, "Kwa nini huku hamna treni?" Akanijibu, "Ilikuwako."

Nilipofika Mtwara nilisikia watu wakisema, "Nakwenda Reli," au "Nakaa Reli." Nilifurahi. Jumamosi ya kwanza nilikwenda huko kutafuta stesheni. Nilikuta nyumba, maduka, minazi na watoto wakicheza mpira. Nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa akiuza mihogo ya kukaanga, "Samahani mama, reli iko wapi?"

Akasema, "Ndiyo hapa, mwanangu. Reli ndiyo hapa."

"Nauliza reli yenyewe. Ya treni."

Akacheka. "Hiyo iling'olewa. Jina ndilo lililobaki."

Na kweli mpaka leo iko kata katika mji wa Mtwara inayoitwa Reli. Wilaya ya Nachingwea nako iko kata inayoitwa Stesheni. Mtu anaweza kuzaliwa Stesheni, akaoa Stesheni na akazeeka Stesheni, na asione treni hata siku moja.

TUTA, KALVATI NA KENGELE YA SHULE

Chuoni nilikuwa na rafiki aliyetoka Nachingwea. Wakati wa likizo nauli ya kurudi Usukuma ilikuwa kubwa, kwa hiyo alinichukua kwao. Tulikaa huko wiki mbili. Alijua kwamba napenda habari za treni, akanipeleka kuona mahali ilipopita.

Kwanza sikuona kitu. Niliona shamba la mihogo na mikorosho. Rafiki yangu akasema, "Tazama ardhi, usitazame miti." Ndipo nilipoona. Kulikuwa na tuta limenyooka kama kamba iliyovutwa. Mto haunyooki hivyo, na njia ya ng'ombe hainyooki hivyo. Watu walikuwa wamepanda mihogo juu yake, na njia ya baiskeli ilipita katikati. Tulilifuata tuta hilo kwa miguu muda wa saa mbili.

Tulikuta kalvati la zege. Bado lilikuwa likipitisha maji ya mvua, ingawa juu yake hapakuwa na kitu cha kulinda. Tulikuta kokoto zilizochanganyika na udongo, ngumu kwa jembe. Tulipofika kijijini tulikuta shule ya msingi. Kengele yake ilikuwa kipande cha reli kilichotundikwa kwenye tawi la mwembe. Nilikishika. Kilikuwa baridi na kizito. Shule yetu ya Kishapu ilikuwa na kengele ya namna hiyohiyo. Lakini kwetu kengele ilikuwa kipande, na reli yenyewe ilikuwapo. Kule kipande ndicho kilichobaki.

Jioni tulimtembelea mzee mmoja, ndugu ya babu yake rafiki yangu. Alikuwa amefanya kazi katika genge la reli. Tulimwamkia shikamoo, akatuletea mkeka. Nilimwambia natoka Shinyanga na kwamba reli yetu inapita karibu na nyumbani.

Akauliza, "Bado inapita?"

"Bado, babu."

"Mnaipa mzigo?"

Nilishangaa. Hakuuliza kama ni nzuri, wala kama ni ya haraka. Aliuliza juu ya mzigo. Nilimjibu kwamba tuna pamba. Akatikisa kichwa, akasema, "Vizuri. Sisi tuliambiwa tutakuwa na karanga."

RELI YA KARANGA

Sasa nieleze habari hiyo kwa utaratibu. Nimeisoma chuoni, na kila bwana shamba anapaswa kuijua.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 viongozi wake waliamua kulima karanga Afrika kwa mashine. Walikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa hapa kwetu Tanganyika. Walichagua Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947.

Walileta matrekta na mashine za kung'olea miti. Baadhi ya matrekta yalitengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Mwaka wa kwanza lengo la Kongwa lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa 7,500 hivi. Miti ilikuwa migumu, mashine ziliharibika, na mvua ya Kongwa ni haba.

Udongo ndio uliowashinda zaidi. Mkulima wa karanga anajua jambo hili. Ua la karanga likishazaa, kijiti chake huinama na kuingia ardhini, na karanga hukua humo. Kwa hiyo udongo unapaswa kuwa laini. Wakati wa kuvuna pia unang'oa, na udongo ukiwa mgumu karanga hubaki chini. Udongo wa Kongwa ni mfinyanzi. Mvua ikikatika unakauka na kuwa kama sakafu. Sisi Wasukuma tunatenganisha udongo kwa majina. Luseni ni kichanga, na karanga hupenda huko. Mbuga ni udongo mweusi mzito. Ibambasi ni mgumu kwa jembe. Mama yeyote wa Kishapu angeweza kuwaambia wasipande karanga mahali pagumu. Lakini wenye mpango walikuwa na haraka, na hawakukaa na wakulima wa pale kuwauliza.

Nachingwea kulikuwa na mvua nzuri zaidi na udongo bora zaidi. Lakini hakukuwa na njia ya kutoa mavuno mengi. Ndipo walipojenga reli. Sehemu ya kwanza ilianzia Mkwaya, karibu na Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Huko Mtwara ilijengwa bandari mpya yenye kina kirefu, ili meli kubwa ziweze kutia nanga. Mwaka 1954 reli ya kutoka Mtwara iliungana na ile ya Nachingwea. Mwaka 1958 lilikamilika tawi la kwenda Masasi. Njia ya Mtwara mpaka Nachingwea peke yake ilipita kilometa 200.

Lakini tazameni miaka hiyo, ndugu wasomaji. Mpango wa karanga uliachwa mwaka 1951. Serikali ya Uingereza ilipoteza zaidi ya pauni milioni 36. Reli ya Mtwara ilikamilika wakati mzigo uliokusudiwa umekwisha kufa. Ilikuwa kama kujenga ghala kubwa baada ya shamba kuliwa na nzige.

Treni ziliendelea kwenda miaka michache. Zilibeba abiria, mbao na mazao kidogo. Kila mwaka ilikuwa hasara. Mwaka 1962 reli ilifungwa, kisha ikang'olewa.

Mzee yule alituambia, "Mimi nilikuwa katika genge lililofunga reli. Nilikuwa pia katika genge lililofungua. Kufunga ilikuwa kazi ngumu, tuliimba. Kufungua ilikuwa rahisi, lakini hakuna aliyeimba."

Reli ikaondoka, na watu wakabaki. Mashamba ya ule mpango yalipewa kazi nyingine. Moja liliitwa Farm 17. Katika miaka ya 1960 na 1970 wapigania uhuru wa Msumbiji, yaani FRELIMO, walikuwa na kambi yao kubwa ya mafunzo huko Nachingwea. Msumbiji ilipata uhuru mwaka 1975. Kwa hiyo ardhi ile haikupotea bure.

MZIGO ULIKUJA, RELI HAIPO

Sasa nafika kwenye jambo ambalo lilinifanya nisilale usiku ule.

Wakulima wa kusini walipanda mikorosho. Mkorosho hauzai mara moja. Unahitaji miaka kadhaa. Wakati reli inafungwa mwaka 1962, mikorosho mingi ilikuwa bado michanga au haijapandwa. Baada ya hapo ikaanza kuzaa. Korosho za nchi yetu ziliongezeka mwaka hata mwaka. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata korosho tani 145,000 hivi, na nyingi zilitoka kusini.

Mzigo huo ulikuwa tayari, lakini reli ilikuwa imekwisha ng'olewa zaidi ya miaka 10. Magunia yalibebwa kwa malori katika barabara za vumbi na matope. Na karanga nazo zilikuja, lakini kwa jembe la mkulima mdogo. Kituo cha utafiti cha Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, kilitoa mbegu ya karanga iitwayo Pendo mwaka 1998. Wakulima wengi waliipokea. Karanga zilizoshindwa na matrekta ziliota mikononi mwa akina mama.

Nilimuuliza mzee, "Reli ingengoja, ingepata mzigo?"

Akasema, "Mwanangu, reli haina subira. Mwenye hesabu anatazama mwaka huu. Mkorosho unatazama mwaka wa kumi."

Siku hizi kuna mpango wa kujenga reli mpya kutoka Mtwara kwenda Mbamba Bay, Ziwa Nyasa. Itakuwa kazi ya gharama kubwa. Kung'oa reli ni kazi ya miezi. Kuirudisha kunaweza kuchukua vizazi viwili au vitatu.

Wala kusini hawakuwa peke yao. Majirani zetu wa Singida wanajua habari kama hiyo. Katika miaka ya 1930 ilijengwa reli kutoka Manyoni kupita Singida mpaka Kinyangiri. Mzigo ulikuwa mdogo. Katika miaka ya 1940 ikafungwa na kung'olewa. Miaka mingi baadaye Serikali ilibidi ijenge upya reli ya Manyoni mpaka Singida.

RELI YETU NA MZIGO WETU

Sasa turudi Kishapu, kwa yule kijana wa mkutanoni.

Kijana alisema kweli katika jambo moja. Reli mpya inajengwa. Mwezi Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la reli ya kisasa ya Mwanza mpaka Isaka, yenye urefu wa kilometa 341. Upana kati ya reli zake mbili ni milimita 1,435. Ile ya zamani ni milimita 1,000. Kati ya Dar es Salaam na Dodoma treni za reli mpya zilianza kubeba abiria mwaka 2024. Hilo ni jambo la kufurahia.

Lakini kijana alikosea katika jambo jingine. Alidhani reli hufa kwa sababu ya uzee. Reli ya kusini haikuwa mzee. Toka ilipofika Nachingwea mpaka kufungwa ilikuwa na miaka 13 tu. Mtoto wa miaka 13 hafi kwa uzee. Ilikufa kwa njaa. Reli yetu ya Mwanza imepita miaka 90, na imeishi kwa sababu wakulima, wafugaji na wasafiri wameilisha.

Je, sisi tunailisha sawasawa sasa? Hapa lazima tuseme kweli. Pamba yetu hupanda na kushuka. Msimu wa 2005/06 nchi nzima ilivuna zaidi ya tani 370,000 za pamba mbegu. Msimu wa 2016/17 zilikuwa tani 120,000 hivi tu. Bei ikianguka, mkulima anaacha pamba na kupanda dengu, choroko, alizeti au mtama. Mimi simlaumu. Hata mimi ningefanya hivyo. Na mkulima hakosi peke yake. Treni nayo ikichelewa wiki nyingi, mwenye mzigo atatafuta lori. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 yaliharibu njia kati ya Kilosa na Gulwe, na treni za reli ya kati zikasimama. Wakati huo wafanyabiashara wengi walizoea malori.

Kwa hiyo tunaweza kuingia katika miaka ya mzigo haba, kama walivyoingia watu wa kusini. Tofauti ni kwamba sisi tunajua yaliyowapata. Miaka ya mzigo haba ndiyo miaka ya kuitunza njia, kwa sababu miaka ya neema hurudi.

HESABU YA BEHEWA MOJA

Tufanye hesabu ndogo. Chukueni kalamu na karatasi.

Behewa moja hubeba tani 40 hivi. Tani moja ni kilo 1,000, na gunia moja tulihesabu kilo 100. Basi tani moja ni magunia 10, na behewa moja ni magunia 400.

Kama kila mkulima ana magunia 4 ya mtama au dengu ya kuuza, wakulima 100 wanajaza behewa moja. Treni ya mabehewa 20 inahitaji wakulima 2,000.

Mkulima mmoja mwenye magunia 4 hawezi kwenda stesheni kuomba treni. Atamngoja mwenye lori, na mwenye lori ndiye atakayesema bei. Lakini wakulima 2,000 wenye chama cha ushirika, ghala moja, mizani moja na karani mmoja mwaminifu, wanaweza kuzungumza na shirika la reli na mnunuzi wa Dar es Salaam. Wakati ule wa utoto wangu vijiwe vilijaa viganjani kwa sababu pamba ilikusanywa pamoja. Haikufika stesheni gunia moja moja.

TUFANYE NINI?

Nashauri mambo manne. Si magumu.

Kwanza, tusilime kwenye tuta la reli wala kando yake ndani ya eneo la hifadhi ya reli. Udongo wetu mweusi wa mbuga huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Tuta likilimwa, majani yanayolishika yanaondoka, na mvua ya kwanza inalibomoa. Eneo hilo lenye majani ni sawa na ngitili. Tunajua wenyewe faida ya ngitili. Tuliiacha, ardhi ikawa jangwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986 tuliirudisha, na miti ikarudi.

Pili, ng'ombe wavushwe mahali palipotengwa. Ng'ombe 200 wakipanda tuta mahali pamoja kila siku, wanachimba mfereji. Na ng'ombe akigongwa, mwenye ng'ombe anapata hasara na treni inapata ajali.

Tatu, tusifungue wala kununua vyuma vya reli. Anayeuza chuma kimoja anapata fedha ya chumvi na sabuni. Treni ikianguka, aliyemo ndani anaweza kuwa mama yake.

Hapa nina la kukiri. Mawe ya jiko la mama yangu yalikuwa kokoto kubwa za reli. Mimi ndiye niliyezibeba nikiwa na miaka 9, na mama alinisifu. Watoto wengine nao walizibeba. Tulikuwa watoto, lakini tuta halikujua kwamba ni watoto. Nilipotembea juu ya lile tuta la Nachingwea na kuona kokoto katika shamba la mihogo, nilikumbuka lile jiko. Kwa hiyo sisemi kama mtu asiye na kosa.

Nne, tuhesabu mzigo wetu. Kila kijiji kiandike katika daftari kimeuza magunia mangapi ya kila zao, na yamekwenda kwa njia gani. Baada ya misimu mitatu tutakuwa na jambo la kuonyesha. Wakubwa wakija kuuliza kama stesheni yetu inastahili kufunguliwa au kufungwa, hatutajibu kwa maneno matupu. Tutafungua daftari. Wale waliojifunza kusoma na kuandika karibuni wanaweza kufanya kazi hii vizuri sana. Ni kama mchezo wetu wa vijiwe, ila sasa ni kazi ya kijiji.

Na wewe kijana wa mkutanoni, nakushukuru kwa swali lako. Ulisema hata mbuyu huanguka. Ni kweli. Lakini hakuna anayeanza kuukata wakati bado una matunda na watoto wamekaa chini yake. Nitapita tena kijijini kwenu kabla ya kupanda. Tutaanza na daftari, kisha tutazungumza habari za mbegu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA DARASA LA KISOMO

1. Reli ya kusini ilifika Nachingwea mwaka gani, na ilifungwa mwaka gani? Iliishi miaka mingapi?

2. Kwa nini karanga zilishindwa Kongwa? Katika kijiji chenu, udongo upi unafaa kwa karanga?

3. Kijiji chenu kinauza magunia mangapi kwa msimu? Yangejaza mabehewa mangapi?

4. Je, yuko mzee katika kijiji chenu aliyefanya kazi ya reli? Mwalikeni darasani awaeleze, na mmoja wenu aandike.